Mlangoni pa Makimbilio: Historia ya Homa ya Chawa

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, leo twataka kuwaeleza historia ya homa moja ambayo tangu kale imewaandama watu waliopotewa na makao yao. Palipo na vita, au njaa, au gereza lililojaa, au kambi ya wakimbizi katika nchi ya baridi, ndipo homa hii ilipozoea kukaa. Wataalamu huiita taifasi. Sisi tutaiita homa ya chawa, maana jina hilo laonyesha asili yake. Msikilizaji asiichanganye na taifodi, yaani homa ya matumbo, iletwayo na maji au chakula kilichoingiwa na uchafu. Majina yamefanana, lakini magonjwa ni mawili mbalimbali. Wala si homa ya papasi, ambayo wazee wetu waliijua sana kwa kulala katika nyumba za udongo zenye nyufa.

Mtu aliyeshikwa na homa ya chawa huumwa na kichwa bila kiasi, hutetemeka, na mwili huwaka moto. Baada ya siku kama tano hutokea vipele kifuani na mgongoni, kisha akili huvurugika, naye huweweseka na kusema maneno yasiyoeleweka. Kabla ya kupatikana dawa za siku hizi, katika wagonjwa kumi alikufa mmoja, au wawili, na mahali penye njaa hata wanne.

Kwa muda wa karne nyingi hakuna aliyejua yatoka wapi. Mwaka wa 1750 mahabusu wa gereza la Newgate waliletwa mbele ya mahakama ya Old Bailey mjini London. Chumba kilikuwa kidogo na watu wamesongamana. Baada ya siku si nyingi homa iliwashika waliokuwamo, wakafa wengi, na miongoni mwao Meya wa London na majaji wawili. Watu wa zamani zile waliamini ya kuwa ugonjwa umeletwa na harufu mbaya ya gereza. Basi wakatandaza mahakamani majani yenye kunukia, na majaji wakashika mashada ya maua mikononi. Maua yalipendeza pua, chawa hawakuyajali.

Siri ya ugonjwa huu ilifunuliwa katika bara letu la Afrika, mjini Tunis. Mwaka wa 1903 daktari Mfaransa jina lake Charles Nicolle, mtu wa mji wa Rouen, alishika uongozi wa Taasisi ya Pasteur katika mji huo. Kila mwaka homa ya chawa ilizuka katika nchi ya Tunisia wakati wa baridi, ikaua watu vijijini na magerezani, ikatoweka joto lilipozidi. Ilizuka pia katika gereza la Djouggar, upande wa kusini wa Tunis. Nicolle alikuwa aende kulichungua pamoja na daktari mwenziwe, lakini usiku wa kuamkia safari alitema damu, ikambidi abaki. Mwenziwe akaenda na mtumishi wake, wakalala huko usiku mmoja. Wote wawili walishikwa na homa, wakafa. Twaweza kufikiri Nicolle alivyolikumbuka gereza lile kila alipoifikiria kazi yake.

Basi katika hospitali ya Waislamu wa Tunis, iitwayo Sadiki, Nicolle aliona jambo la ajabu. Wagonjwa wa homa hii walilazwa katika vyumba vya kawaida, kitanda kwa kitanda na wagonjwa wengine, wala hawakuwaambukiza. Wauguzi waliowahudumia mchana na usiku hawakuugua. Lakini kule walikotoka, wagonjwa hao waliwaambukiza ndugu zao nyumbani, na madaktari waliokwenda kuwatazama majumbani walikufa. Na katika hospitali yenyewe walikuwapo watu wa namna mbili waliougua: wale wa mlangoni waliowapokea wagonjwa, na madobi waliofua nguo zao. Zaidi ya hao, hapana.

Siku moja asubuhi Nicolle alifika hospitalini akamkuta mgonjwa amelala chini penye kizingiti, amechoka asiweze kuinuka. Akamruka ili aingie. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye ya kuwa ni wakati ule ule, mguu wake ulipopita juu ya mtu yule, fikira ilipomjia. Mgonjwa akiwa nje ya mlango huambukiza, na akiwa ndani haambukizi. Je, mlangoni hufanywa nini? Huvuliwa nguo zake, hunyolewa, huoshwa kwa maji na sabuni, huvikwa nguo safi za hospitali. Kwa hiyo ugonjwa haukai katika pumzi ya mgonjwa wala katika hewa ya chumba. Hukaa katika kitu kilichoshikamana na nguo na ngozi yake, ambacho sabuni na maji yaweza kukiondoa. Na kitu hicho ni nini ila chawa?

Twaomba wanafunzi watusikilizao wapime jambo hili. Watu wengi walikuwa wamepita katika mlango ule kila siku, nao walijua vema ya kuwa wagonjwa huoshwa. Tendo hilo lilikuwa likiokoa maisha ya watu, na watendao hawakujua kama wanaokoa.

Fikira peke yake haikutosha, ikambidi athibitishe. Mwaka wa 1909 alimdunga sokwe damu ya mgonjwa, sokwe akaugua. Akachukua damu ya sokwe akamtia tumbili, naye akaugua. Kisha akawaweka chawa juu ya tumbili mgonjwa, na baadaye akawahamishia chawa wale wale kwa tumbili wazima, nao wakaugua. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1928. Wengine walilipa gharama kubwa zaidi. Howard Ricketts, Mmarekani, aliufuata ugonjwa huu hata Mexico, ukamwua mwaka wa 1910. Na Stanislaus von Prowazek ukamwua mwaka wa 1915, alipokuwa akiuchungua katika kambi ya mateka wa vita nchini Ujerumani. Mwenziwe Henrique da Rocha Lima, mtu wa Brazil, alipokitambua kijidudu chenyewe mwaka wa 1916, alikipa majina ya marehemu hao wawili.

Yafaa tueleze kidogo namna chawa afanyavyo kazi yake, kwa maana bila kuyajua haya habari zitakazofuata hazitafahamika. Twasema juu ya chawa wa mwilini, si yule wa kichwani. Chawa wa mwilini haishi hasa katika ngozi; makao yake ni nguo, katika mishono na pindo, na huko ndiko atagako mayai. Huijia ngozi kunywa damu tu, kisha hurudi nguoni. Akimnyonya mgonjwa, kijidudu huingia tumboni mwake na kutoka pamoja na mavi yake. Mtu hujikuna, na kucha zake huyaingiza mavi hayo katika mkwaruzo. Tena chawa hapendi mwili uliowaka homa, wala mwili uliopoa kwa mauti. Katika hali hizo mbili humwacha mwenyewe na kumhamia jirani. Sasa twaona sababu ya ugonjwa huu kupenda baridi, na sababu ya kupenda mahali watu wanapolala wamebanana. Mwenye nguo moja tu, aliyelala nayo na kuamka nayo miezi mitatu kwa kuogopa baridi, huyo ndiye amjengeaye chawa nyumba.

Mtu aweza kudhani ya kuwa baada ya mwaka wa 1909 kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu kila mtu alijua la kufanya: waogesheni watu, zichemsheni nguo. Haikuwa hivyo. Maarifa ya Tunis yaliweza kushikwa na mtu mwema, na yaliweza kushikwa na mtu mwovu.

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi ya Poland waliwakusanya Wayahudi wa mji wa Warsaw katika mtaa mmoja, wakauzungushia ukuta, na mwezi wa Novemba wakaufunga. Sababu waliyoitangaza ilikuwa kuzuia homa ya chawa. Ndani ya ukuta ule walitiwa watu zaidi ya laki nne, wastani wa watu saba na zaidi katika chumba kimoja. Chakula walichogawiwa hakikuweza kumlisha hata mtoto. Makaa ya kupasha maji moto yalikuwa haba, na sabuni vivyo hivyo. Hali mbaya kupita zote ilikuwa katika makimbilio ya wale walioletwa kutoka miji midogo, waliofika bila kitu, wakalazwa sakafuni katika majengo yaliyokuwa shule na nyumba za ibada. Homa iliyosingiziwa kuwa sababu ya ukuta ikaja kweli, ikiletwa na ukuta wenyewe.

Ndipo walipoletewa usafi wa amri. Mgonjwa alipoonekana katika nyumba, nyumba nzima ilifungwa, na wakaaji wote wakapelekwa bafuni, wakingoja saa nyingi katika baridi, huku nguo na matandiko yao yakitiwa katika mvuke. Mara nyingi nguo zilirudi zimeharibika, au hazikurudi. Waliotumwa kusafisha nyumba waliiba, na mwenye fedha alitoa rushwa akaachwa na chawa wake. Maskini akabaki na hasara zote. Matokeo yake yalikuwa nini? Watu waliwaficha wagonjwa wao. Mama alimfunika mwanawe chini ya matandiko na kusema hakuna mgonjwa hapa. Hivyo hesabu iliyoandikwa ilikuwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa waliokuwapo. Mlango ambao katika Tunis ulikuwa wokovu, katika Warsaw ukawa kitu cha kukimbiwa, ingawa maji ni maji yale yale na mvuke ni ule ule.

Walakini wenyeji wa mtaa ule hawakukaa kitako. Madaktari Wayahudi waliokuwa ndani, na mmoja wao ni Ludwik Hirszfeld, mtaalamu mashuhuri wa damu, walitoa mafundisho kwa watu wote juu ya chawa na usafi. Kozi moja iliruhusiwa na Wajerumani kwa jina la mafunzo ya kupigana na magonjwa ya kuambukiza. Chini ya jina hilo, kwa siri, ilikuwa shule kamili ya udaktari, iliyoongozwa na Juliusz Zweibaum. Sisi tulio walimu hatuwezi kuipita habari hii haraka. Watu waliokuwa wakifa kwa njaa walikaa jioni, wakasoma habari za mifupa na mishipa. Katika majumba kamati za wakaaji ziliangalia usafi wa ngazi na vyumba, wakasaidiana chakula, wala watu hawakuwaogopa, kwa kuwa walikuwa majirani zao.

Katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1941, wakati baridi inapoanza na homa hii hutazamiwa kuongezeka, ilianza kupungua. Wataalamu waliozihesabu tena takwimu za mtaa ule na kutangaza kazi yao mwaka wa 2020 wasema ya kuwa juhudi za wenyeji wenyewe yaelekea ndizo zilizoivunja. Tusifiche mwisho wake. Kuanzia Julai 22 mwaka wa 1942 Wajerumani walianza kuwapeleka watu wa mtaa ule katika kambi ya Treblinka kuwaua, na katika muda usiotimia miezi miwili walipelekwa zaidi ya laki mbili na nusu. Wengi waliookoka katika homa hawakuokoka huko.

Sasa twende Italia, mji wa Naples, ambako vita vile vile viliwatia watu katika makimbilio ya namna nyingine. Chini ya mji huo kuna mapango na mifereji iliyochimbwa tangu zama za kale katika jiwe laini, kwa ajili ya kutoa mawe na kuhifadhi maji. Mabomu yalipoanza kuanguka watu waliingia humo kujificha, na wale ambao nyumba zao zilibomoka wakabaki humo, wakilala katika giza na unyevu mamia kwa mamia. Majeshi ya Uingereza na Marekani yalipoingia Naples Oktoba 1 mwaka wa 1943, Wajerumani walikuwa wamekwisha haribu mabomba ya maji kabla ya kuondoka. Homa ya chawa ilikuwamo mjini tayari, na kufikia mwezi wa Desemba ilikuwa ikipanda kwa haraka. Mji mkubwa, wakati wa baridi, hauna maji, hauna sabuni, na watu wamelala mapangoni: ni nani angeweza kuwaogesha hao wote?

Jibu lilikuwa limekwisha jaribiwa katika Aljeria mwaka ule ule. Kikundi cha Wakfu wa Rockefeller kilichoongozwa na Fred Soper kilitafuta njia ya kuua chawa bila ya kumvua mtu nguo. Walichukua bomba la mkono, mfano wa lile la kunyunyizia unga wa dawa katika mimea, wakaingiza mdomo wake katika mikono ya vazi, shingoni, na kiunoni, wakapuliza. Unga ukaenea kati ya nguo na ngozi, mahali pale pale chawa anapopita. Kazi ilichukua muda mfupi. Mwanamke hakufunuliwa, mzee hakuaibishwa, na hakuna aliyenyang'anywa shati lake.

Unga wa kwanza uliotumika Naples ulikuwa na nguvu ya pareto ndani yake, ua lile jeupe ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanganyika wamelijua vizuri. Wakati wa vita, biashara ya Japani ilipokatika, Kenya ndiyo iliyotoa pareto nyingi kwa mataifa yaliyopigana upande wa Uingereza. Baadaye ikafika dawa mpya ya DDT, ambayo nguvu yake ilikaa nguoni kwa muda mrefu zaidi. Vituo viliwekwa mitaani, vikundi vikashuka mapangoni, na wengine wakaenda nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa na kuwapulizia unga waliokaa nao. Katika mwezi wa Januari mwaka wa 1944 pekee walipuliziwa watu zaidi ya milioni moja. Watu walijipanga mistari wenyewe. Kabla baridi haijaisha homa ilikuwa imevunjika, jambo ambalo halijaonekana katika mji mkubwa tangu dunia iumbwe.

Magazeti ya wakati ule yaliusifu unga. Sisi twaona sifa nyingine imesahauliwa, nayo ni ya lile bomba dogo la mkono. Unga ungalikuwa na nguvu mara mbili, lakini kama kuupata kungalimlazimu mtu kusimama uchi mbele ya wageni katika baridi, basi Naples ingalificha wagonjwa wake mapangoni kama Warsaw ilivyowaficha vyumbani. Nguvu ya DDT yenyewe haikudumu. Katika vita vya Korea, baridi ya mwaka wa 1950 na 1951, chawa wa huko walionekana wameizoea, wakatembea katika unga bila kudhurika. Baadaye ilijulikana pia ya kuwa dawa ile hukaa ardhini na katika miili ya wanyama miaka mingi, ikadhuru ndege na samaki.

Kwetu Afrika ya Mashariki na Kati, nchi za milima na baridi ndizo zilizoiona homa hii. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wengi wa dunia nzima walikuwa wa Burundi, Rwanda na Ethiopia. Kisha Burundi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1993, na watu wengi mno wakaishi kambini, juu milimani, wakiwa na blanketi moja kwa jamaa nzima. Mwaka wa 1995 homa ilionekana katika gereza la Ngozi. Kufikia mwaka wa 1997 ilikuwa imeenea makambini na kuwashika makumi ya maelfu ya watu, mlipuko mkubwa kuliko wote tangu vita vikuu vya pili. Hapo ilionekana tofauti kubwa na zamani za Nicolle, kwa kuwa dawa ya doksisaiklini ilikuwapo, na kipimo kimoja, kilichomezwa mara moja, huponya. Wengi wakaokolewa hivyo. Lakini dawa ile humponya mtu, haimwui chawa aliye katika pindo la nguo yake, na aliyepona akirudi chini ya blanketi lile lile jirani yake yumo hatarini.

Katika nyumba za hifadhi za watu wasio na makao, kama zile za Marseille nchini Ufaransa, wataalamu wamewakuta chawa wa mwilini wakieneza homa nyingine iitwayo homa ya mahandaki, ambayo askari wa vita vya mwaka wa 1914 waliijua. Kwa hiyo kazi ya mlangoni ingali ikifanywa. Nguo hufuliwa kwa maji ya moto sana, yasiyovumilika na mkono, au hukaushwa kwa joto kali, kwa maana joto huua chawa na mayai pia. Isiyoweza kufuliwa hufungwa katika mfuko usiopitisha kitu, ikaachwa majuma mawili. Chawa asiyepata damu hafiki siku nyingi baada ya juma moja, na lile juma la pili ni kwa ajili ya mayai yatakayoanguliwa mle mfukoni. Na kwa kuwa mtu mwenye shati moja hawezi kulitoa akakaa uchi siku nzima, wapokeaji wenye busara huanza kwa kumpa jingine, wakaliandika lake jina, ili ajue ya kuwa jioni atalipata.